Kombolela: anayetafuta aruhusiwe kulinda kopo?

Mratibu, Majengo: Wana Moshi, kabla ya bonanza la watoto la likizo kuna ubishi wa kumaliza. Kombolela itachezwa kwa kopo. Mmoja anahesabu hadi 50, wenzake wanajificha. Akimwona mtu anamtaja jina, anarudi kugonga kopo. Ambaye hajaonekana akiwahi kulipiga teke, waliokamatwa wote wako huru. Tatizo ni kwamba watoto hawatafuti tena, wanazunguka kopo kama walinzi wa benki. Baadhi ya wazazi wanataka duara la chaki la hatua 10, aliyehesabu asiingie mpaka amwone mtu. Mnasemaje?

Kocha wa Pasua: Napinga. Kulinda kopo kuna dawa zake. Ya kwanza ni kubadilishana mashati: wawili wa kimo kimoja wabadilishane, mmoja aonyeshe bega tu kwenye kona ya ukuta. Akitajwa kwa jina la mwenzake, mitaa mingi huhesabu ni kosa na wote wanaachiwa. Wanaoshindwa ni wale wanaobadili shati wakasahau kandambili. Ya pili ni kushambulia wawili wawili kutoka pande zinazotazamana. Wa kwanza atoke, wa pili ahesabu mbili ndipo akimbie, maana mlinzi akishamgeukia wa kwanza lazima amtaje na kugonga kopo kabla ya kugeuka tena. Mkitoka upande mmoja amewaona wote kwa jicho moja, mmekwisha.

Mjukuu wa Kihamba: Kocha, hayo ni ya mjini penye kuta. Huku Kibosho mtu anajificha migombani, na hesabu ni nyingine. Toka mafichoni pale tu yeye akiwa mbali na kopo karibu mara mbili ya umbali wako. Wewe uko hatua 15, subiri afike 30. Anahitaji muda wa kushtuka na kugeuka, lakini na wewe unainuka kutoka chini, kwa hiyo usitegemee kushtuka kwake peke yake. Sasa mlinzi aliye hatua mbili kutoka kwenye kopo, hiyo 30 utaipata lini? Mchezo umekufa. Naunga mkono duara.

Na kwa wanaojificha: msikae shinani mwa mgomba wenye majani makavu, kila mkisogeza goti yanaita. Baada ya mvua yamelainika, ila angalia siafu kabla ya kulala chini. Mbuni, yaani mti wa kahawa, wenye matawi yanayoshuka ni mzuri kwa kiwiliwili, miguu ndiyo huonekana. Inamisha uso, usichungulie juu ya kichaka. Chungulia pembeni, karibu na ardhi, polepole. Jicho huvutwa na kinachosogea kuliko rangi ya nguo. Na masale, ile mimea ya mpakani, muyaache. Ule ni mpaka wa watu.

Kocha wa Pasua: Sawa, lakini duara lako lina tundu. Atakayejificha hatua sita kutoka kwenye kopo atashinda kila mara, kwa sababu mtafutaji amefukuzwa nje. Ukichora duara, ondoa maficho yote ndani yake: ndoo, matofali, baiskeli.

Mama wa Njoro: Shikamooni. Kwangu duara si hoja, hoja ni orodha ya marufuku. Friji mbovu iwe ya kwanza: mlango ukijifunga hewa inaisha na sauti haitoki. Marekani walitunga sheria mwaka 1956 kwa ajili hiyo hiyo, friji ziweze kufunguliwa kutoka ndani. Kisha simtanki la maji, buti ya gari, shimo la choo linalochimbwa, na nyumba isiyokamilika yenye nondo na mbao za misumari. Mwisho saa 12 jioni. Hapa jua likizama giza haliombi ruhusa.

Mratibu, Majengo: Marahaba, mama. Hiyo imepita bila kura.

Mtunza saa: Mbona mnahangaika na chaki? Italia walianzisha mashindano ya kujificha mwaka 2010, na pale mtu alipata pointi kwa kukimbia kugusa godoro ndani ya dakika 10. Chukueni saa tu, kanuni mgeuze: muda ukiisha, kila asiyetajwa anapata pointi na aliyehesabu anahesabu tena. Mlinzi wa kopo atajikuta amesimama huku pointi zinaondoka. Ataenda kutafuta mwenyewe.

Kocha wa Pasua: Hapo nakubali nusu. Dakika 10 kwa watoto wanane ni nyingi, waliojificha watachoka na kuanza kuongea. Tano zinatosha, na saa ishikwe na mtu mzima asiye na mtoto uwanjani.

Mjukuu wa Kihamba: Migombani tano hazitoshi. Saba.

Mratibu, Majengo: Mjini tano, kihambani kwenye migomba saba. Limebaki moja: akitajwa kwa jina la utani, amekamatwa?

Kocha wa Pasua: Kama mama yake naye humwita hivyo, amekamatwa.