Jumamosi Saa 1 Asubuhi

Kikundi: MAJIRANI MIKINDANI
Alhamisi jioni

Mama Shufaa: Asalaam alaykum majirani, habari za jioni. Jumamosi napita nyumba kwa nyumba na kingatiba za matende na mabusha. Naanzia upande wa bahari saa 1 asubuhi, nataka niwakute kabla hamjaenda shamba. Naomba watu wale kwanza. Ambaye hajala simpi kidonge, nasema mapema.

Bi Somoe: Waalaykum salaam mwanangu. Na mimi mwenye miaka 74 nimo?

Mama Shufaa: Shikamoo Bi Somoe. Umo. Wanaorukwa ni wajawazito, aliyejifungua ambaye hajatimiza wiki, mgonjwa aliyezidiwa, na mtoto ambaye hajafika sentimita 90 kwenye fimbo ya kupimia urefu.

Bi Somoe: Marahaba. Basi nitakusubiri barazani.

Hashimu Boda: Mama Shufaa nauliza kwa heshima. Huku kijiweni wanasema hivi vidonge vinaondoa uzazi. Halafu mwaka juzi mke wangu alimeza, saa mbili usiku akadondoka jikoni, nikambeba kwenye pikipiki huku nimemfunga na khanga. Mmarekani mwaka 2025 amekata misaada, sasa kidonge cha bure anatuletea kwa lipi?

Baba Asha: Hapo hapo na mimi.

Mama Shufaa: Hashimu asante kwa kuuliza hapa, maana kijiweni mimi sipo. Nipeni nafasi niandike.

Mama Shufaa: Usiku ule nilikuja kwako, unakumbuka. Shemeji alikuwa ametoka kuokota korosho tangu alfajiri, tumboni hana kitu. Sikumuuliza. Nilimpima urefu, nikahesabu vidonge, nikaandika kwenye daftari, nikaenda nyumba ya pili. Kosa lile ni langu na ndilo lililonifanya mwaka huu niwasumbue na habari ya kula.
Kidonge kinaua watoto wa minyoo ya matende na mabusha waliomo kwenye damu. Wakifa wengi kwa pamoja mtu anaweza kupata homa, kichwa, kizunguzungu, siku moja au mbili. Mwenye minyoo mingi ndiye anayesikia zaidi. Changanya na njaa na jua la shambani, ndiyo vile ulivyoona.
Uzazi: nimemeza mara nane. Shufaa na mdogo wake wamezaliwa katikati ya miaka hiyo hiyo. Mwaka niliokuwa na mimba nilirukwa, wa pili yake nikaendelea.

Hashimu Boda: Kwa nini kila mwaka? Dawa gani haiponeshi?

Mama Shufaa: Minyoo mikubwa haifi yote. Inaweza kukaa mwilini miaka sita hadi minane inazaa. Sisi tunaua watoto kila mwaka ili mbu akikuuma asipate cha kupeleka kwa jirani, mpaka ile mikubwa izeeke ife yenyewe. Tukiruka mwaka, wanajaa upya. Na mwenye minyoo anaweza asionekane na chochote, mguu mzuri kabisa, huku mbu anachota kwake kila usiku.

Mwalimu Chilumba: Hilo la bure naomba nilijibu mimi, kwa sababu mifuko ni miwili na watu wanaichanganya.
Mfuko wa kwanza ni vidonge vyenyewe. Kile cha kuhesabiwa kwa fimbo, ivermectin, asili yake ni kijidudu kilichookotwa kwenye udongo wa Japani. Waliokivumbua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck ilianza kukitoa bure mwaka 1987 kwa ajili ya usubi, ule unaopofusha watu kule Mahenge na Ruvuma. Mwaka 1998 wakaongeza matende, na kampuni ya GSK ikaahidi kutoa kile kidonge kingine cha albendazole. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa dunia nzima, na Tanzania ilianzia kisiwa cha Mafia.
Mfuko wa pili ni wa kukitoa kidonge bandarini mpaka mdomoni kwa Bi Somoe. Gari, mafunzo, daftari, posho. Huko ndiko USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa inasaidia, ikasimamishwa Januari 2025, Julai ikafungwa kabisa. Kwa hiyo Hashimu, kidonge hakikukatwa. Kilichopungua ni miguu ya kukileta.

Mama Shufaa: Ndiyo. Safari hii nimepewa mitaa miwili peke yangu, siku tano.

Zuhura wa Dar: Jamani poleni. Mimi nakumbuka vyandarua vya shuleni 2013, vilianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma, nilirudi nacho nyumbani nimekikumbatia kama zawadi. Mama bado anacho.

Baba Asha: Mimi naona wengine wakimeza inatosha. Mtu mmoja ataharibu nini?

Fatu: Shikamooni wakubwa. Babu Mnali ametuma sauti ya dakika tatu. Ameniomba niiandike kwa ajili ya wasio na bando. Naandika alivyosema.

Fatu: "Mimi Mnali. Wanaonijua wananijua. Nilibeba busha miaka kumi na moja. Waliniambia ni madafu, nikaacha madafu, likaendelea kukua. Nikashona kanzu pana. Msikitini nikawa nasimama safu ya nyuma karibu na mlango, ili nikitoka wasinione ninavyotembea. Ngalawa nikampa mdogo wangu, maana kukaa juu ya ubao sikuweza. Watoto njiani wakaniimbia. Sikumwambia mtu, hata daktari. Halafu wakaja wapasuaji, bure, mwanangu akanishika mkono akanipeleka. Nilipasuliwa asubuhi, kesho yake jioni niko nyumbani. Nimerudi baharini. Kinachoniuma, mke wangu alifariki kabla, hakuniona nimevaa suruali tena. Hashimu mjukuu wangu, enzi zetu hivyo vidonge havikuwepo. Mimi ningemeza na bakuli lake."

Bi Somoe: Allah akuhifadhi Mzee Mnali. Marehemu alikuwa analia kwangu, hakuwahi kusema kwa nini.

Zuhura wa Dar: Babu 😢

Hashimu Boda: Shikamoo babu. Nimesikia.

Mama Shufaa: Mzee wangu, asante. Kwa faida ya wengine: kidonge hakiondoi busha lililokwisha kuwa kubwa, hilo ni la kupasuliwa na linapona. Mwenye nalo anipigie mimi au Fatu, hatutamtaja kwa mtu.

Mwalimu Chilumba: Baba Asha uliuliza mtu mmoja ataharibu nini. Kuna Msomali mmoja wa mji wa Merca, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imefutwa karibu dunia yote. Yeye chanjo aliikwepa, alidhani itauma. Siku moja akapanda gari kuwaonyesha njia watu waliobeba watoto wenye ndui, safari fupi tu, akaipata. Ilibidi wachanjwe watu zaidi ya elfu 50 pale mjini ili isimtoke yeye ikaenda mbali. Alipona, na hakuna mwingine duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida baada yake. Uzeeni akawa anapita nyumba kwa nyumba kwenye kampeni za polio, akikuta mzazi anakataa anamsimulia habari yake. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Baba Asha: Nimesoma mwalimu. Bado nafikiria.

Mama Asha: Sisi wanne tunameza. Na yeye tutaongea hapa nyumbani.

Ijumaa

Fatu: Wakubwa nina ombi. Tangu mwezi uliopita nakwenda kwa Mjomba Nangumbi jioni kumwosha mguu wenye matende. Uko hivi: ngozi imekuwa nene ina mikunjo, na katikati ya vidole kunachanika. Hapo ndipo vijidudu vinaingia, mguu unawaka, anapata homa, analala siku tano bila kula. Naosha taratibu kwa sabuni na maji safi, napitisha kitambaa kila mkunjo mpaka maji yatoke meupe, halafu nakausha. Katikati ya vidole nakausha kwa pembe ya kitambaa, kimoja kimoja. Usiku anauweka juu ya mto. Wiki zote hizi homa haijarudi hata mara moja. Jana alitembea mpaka gengeni kwa viatu. Sasa sabuni imeisha, na beseni ni la jirani analihitaji.

Zuhura wa Dar: Natuma elfu 20 sasa hivi kwa mweka hazina. Sabuni, beseni, na taulo laini mbili. Fatu usinunue ile taulo ngumu.

Mwalimu Chilumba: Elfu 5 yangu.

Bi Somoe: Mimi sina hela ila nina ndoo ya kufunika, aje achukue.

Mzee Mnali: Mguu huo nitakuwa nauosha mimi siku za Jumapili. Fatu apumzike asome.

Hashimu Boda: Mama Shufaa, mtaa wa juu ni mlima na jua lake unalijua. Kesho nakupeleka mimi. Mafuta yangu usiniulize.

Mama Shufaa: Hashimu, Mungu akuzidishie. Shemeji je?

Hashimu Boda: Amesema atameza akishakula mbele yako. Na mimi.

Mama Shufaa: Kuna moja limebaki, la vyoo. Mbu hawa wanazaliwa kwenye shimo lenye maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, Unguja, walimwaga ndani ya mashimo vile vipunje vyeupe vyepesi, ile kitu televisheni inafungwa nayo. Vikaelea juu ya maji vikawa kama mfuniko, mbu akakosa pa kutagia, na watu wakapewa dawa. Sisi hatuna vipunje. Lakini mifuniko tunayo. Nimepita leo nikahesabu nyumba sita choo kiko wazi, na sitazitaja.

Baba Asha: Mbao za kufunika ninazo. Zimebaki za dari. Waje wapime.

Mama Shufaa: Nitakuja nazo fimbo na daftari, unipe na zile mbao?

Baba Asha: Mbao chukua. Jingine kesho.

Jumamosi

Hashimu Boda: Niko nje kwako Mama Shufaa, nimefunga kikapu nyuma cha maji ya kumezea.

Mama Shufaa: Natoka. Vikombe umechukua?

Hashimu Boda: Kumi na mbili.

Bi Somoe: Mimi nimepika uji wa muhogo sufuria kubwa, upo barazani. Ambaye hajala apite kwangu kwanza kabla hamjafungua hiyo kopo.

Mama Asha: Bi Somoe tunakuja watano.