Kipindupindu mtaani: jiko la sadaka lizimwe, tugawe vikavu?

Bint Guraya: Kipindupindu kikiingia mtaa, jiko la sadaka liendelee kupika au tugawe unga, mchele, mafuta na sabuni, kila mtu akapike kwake? Mimi nasema vikavu. Sufuria moja ikichafuka, waumwa mtaa mzima.

Mpakuzi: Vikapikwe na makaa ya nani? Maharage makavu yataka saa mbili motoni. Mwenye chumba kimoja Likoni atayauza anunue chapati barabarani, na hapo mmemrudisha kule kule. Mkishikilia vikavu, tieni pojo (choroko), haimalizi saa. Na dawa ya maji ndani ya mfuko: Waterguard kifuniko kimoja kwa lita 20, viwili maji yakiwa na tope, kisha yaachwe dakika 30.

Wa Kisauni: Kwani korona ya 2020 mmesahau? Kibera watu walikanyagana kwa chakula cha msaada. Huku Mombasa, Mji wa Kale ukafungwa Mei, Ramadhani yenyewe. Nani angekalisha watu kwenye sinia? Mlango kwa mlango, basi.

Fundi Jiko: Korona yapita kwa pumzi, kwa hivyo adui alikuwa foleni. Kipindupindu chapita kwa mdomo: adui ni maji na mikono. Ukiandama dawa ya 2020 utapanga watu mita moja moja halafu uwapakulie kwa upawa uliolazwa mezani.

Wali unaotokota hauna neno. Balaa huanza sufuria ikiteremshwa saa nane na watu kupakuliwa magharibi. Wali ukishapoa, mkono mchafu ukiugusa, kwa joto letu hili vijidudu vyazaana mpaka jioni. Badala ya sufuria moja ya kilo 20, pika mbili za kilo 10 zipishane saa moja. Kila moja yatosha watu 80 hivi. Anayepakua asishike kitu kingine, hata simu. Ndoo ya bomba na sabuni iwe mwanzo wa foleni, si mwisho. Na hiyo kachumbari yenu iacheni.

Bint Guraya: Kachumbari imekukosea nini? Pilau bila kachumbari ni adhabu. Maskini naye ana ulimi!

Fundi Jiko: Dada, nyanya mbichi zilizooshwa kwa maji ya kisima kilichopakana na choo cha shimo. Hujaona njia hapo?

Mzee wa Kibokoni: Ndimu yaua vyote hivyo. Wazee hawakukamua bure.

Fundi Jiko: Ami, nusu yake kweli. Kijidudu hiki hakipendi ukali, ndio maana wali wenye ndimu au ukwaju hukipa tabu. Lakini ndoo nzima ya kachumbari yataka ndimu ngapi? Chemsha ukwaju na pilipili, upakue ukiwa moto.

Mzee wa Kibokoni: Ukwaju kwa pilau! Huyu si wa hapa.

Mpakuzi: Wa hapa au si wa hapa, makaa yatatoka wapi? Nimeuliza zamani.

Wa Kisauni: Watumieni pesa kwa simu wanunue.

Bint Guraya: Pesa baadaye. Kabichi je, nikiitia kwenye maji yanayochemka kisha ndimu?

Fundi Jiko: Hapo salama, ukiikatia ubao uliooshwa na usiirudishe kwenye beseni la mwanzo.

Mzee wa Kibokoni: Salama, lakini msiite kachumbari.