Hita ya kuongezea joto chumba cha chini ya ardhi: nichukue ipi?

Mzee wa Pango
Wakuu, habari za muda huu. Nina chumba chini ya ardhi, mita 4 kwa 4, ndiyo ofisi yangu. Huko juu nyumba ina joto la kutosha, ila huku chini miguu inakufa ganzi. Nashinda humo tangu asubuhi na simu za kazi haziishi, kwa hiyo kelele sitaki. Dukani nimechanganyikiwa: kuna za feni, redieta za mafuta, zile za kuwaka nyekundu, na moja ya bei mbaya ambayo muuzaji anaapa inakula umeme nusu. Hadi ya mafuta ya taa nimetajiwa. Naombeni ushauri.

Umeme Mtupu
Mkuu, huyo muuzaji anakupiga fiksi. Hita yoyote ya koili, zikiingia wati 1,500 linatoka joto la wati 1,500, iwe ya bei chee au ya bei mbaya. Kinachopunguza umeme kweli ni kiyoyozi cha aina inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, na hicho kinafungwa na fundi. Kama si hicho, usilipie hadithi.

Ukubwa: kadiria wati 100 kwa kila mita ya mraba. Wewe una 16, na unaongezea tu, kwa hiyo 1,500 inakutosha. Ikiwaka saa 8 bila kukata ni uniti 12. Yenye thamostati, yaani inayojizima chumba kikishapata joto, itakula pungufu ya hapo.

Dada Soketi
Kwa mtu wa simu, feni iondoe. Ile nyekundu inapasha kilicho mbele yake tu: magoti yanaiva, mgongo unaganda. Chukua redieta. Iko kimya, na mafuta yake hayaungui wala hayaongezwi, yamefungwa humo humo. Ubaya wake ni uvivu wa kupata moto, basi iwashe kabla hujashuka na funga mlango.

Babu Dirisha
Ya mafuta ya taa isahau kabisa. Inaweza kutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na huko chini hewa inazunguka kwa shida. Tena lita moja ikiungua inatoa takriban lita nzima ya maji kama mvuke. Yataishia wapi kama si kwenye ukuta wa baridi?

Mzee wa Pango
Hapo kwenye ukuta umenigusa, mmoja unatoka jasho. Halafu soketi iko mlangoni, mbali na meza. Ekstensheni inafaa?

Umeme Mtupu
Hapana. Chomeka ukutani moja kwa moja. Wati 1,500 ni ampea 6.5 hivi kwenye volti 230, na 12.5 kwenye volti 120, tena kwa saa nyingi. Ekstensheni inaweza kupata moto kupita kiasi, hata kuyeyuka. Baada ya nusu saa gusa plagi: ikiwa vuguvugu sawa, ikikufanya uondoe mkono, zima na umwite fundi aangalie soketi. Pazia na makaratasi yakae mita 1 mbali, na hakikisha ina swichi ya kujizima ikipinduka.

Dada Soketi
Kuhusu jasho, jua kwanza maji yanatoka wapi. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha foili, ziba kingo zote kwa tepu, kiache siku moja au mbili. Kikilowa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa. Mashine ya kukausha hewa itakusaidia, na yenyewe inatoa joto kidogo. Kikilowa nyuma, maji yanapenya kutoka kwenye udongo, na hapo hita haitibu kitu. Zulia chini ya meza weka, sakafu ya zege ndiyo inayokumaliza miguu. Ila subiri jibu la foili, zulia juu ya unyevu linaota kuvu.

Mzee wa Pango
Basi ni redieta, na meza naihamishia mlangoni. Foili nabandika leo. Nikikuta nyuma kumelowa, nitafungua uzi mwingine wa mafundi wa kuzuia maji.