Mkato wa handaki la ngome ya Kirumi: uanzie wapi, na sarafu inathibitisha nini?

Chemchem_Tabora
Wakuu, heshima kwenu. Hapa Tabora tuna kikundi cha wanafunzi wa historia, tunasoma ngome za Kirumi za pwani ya Uingereza: Richborough, Portchester, Pevensey. Mwezi wa nane tutachimba mkato wa mazoezi (shimo refu jembamba la kukatiza handaki ili kuona matabaka yake) kwenye mtaro wa zamani wa shamba uliojifukia, upana kama mita 3, kina labda mita 1.5. Mkato uelekee vipi? Na sarafu ikipatikana handakini, inatosha kusema ngome ilijengwa lini?

Malagarasi
Nianze na sarafu, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Sarafu iliyo kwenye udongo uliojaza handaki inakwambia jambo moja tu: udongo ule haukuingia humo kabla ya sarafu kutengenezwa. Haisemi handaki lilichimbwa lini, sembuse ukuta. Richborough kuna mahandaki matatu ya karne ya 3 yaliyochimbwa kuzunguka mnara wa ulinzi, kisha yakafukiwa ngome ya mawe ilipojengwa, karne hiyo hiyo. Kwa hiyo handaki moja laweza kuwa na tarehe tatu: ya kuchimbwa, ya kuzolewa tope, na ya kufukiwa.

Sarafu yenye nguvu ni ile iliyofunikwa na ujenzi wenyewe. Pevensey wataalamu waliwahi kuuweka ujenzi miaka ya 340. Mwaka 1994 zilichimbuliwa nguzo za mwaloni chini ya ukuta: miti ilikatwa kati ya mwaka 280 na 300, na juu ya nguzo zilikuwepo sarafu za Carausius na Allectus, watawala wa Kirumi waliojitwalia Uingereza mwishoni mwa karne ya 3. Mjadala ukahamia miaka ya 290.

Kwa ngome, mkato uvuke vyote kwa mstari mmoja: nyuma ya ukuta, ukuta, nafasi iliyoachwa wazi mbele yake, handaki, na mita 2 za ng'ambo. Ukichimba vishimo viwili mbalimbali, utashindwa kujua tabaka lipi la handaki linakwenda na ukuta. Tena uwe pembe mraba na handaki. Ukipinda nyuzi 30, handaki la mita 3 litasomeka karibu mita 3.5.

Mwanga_Kigoma
Naongezea upande wa kazi. Upana wa mkato uwe mita 2. Mkifika kina cha mita 1.2, kateni ngazi pembeni kabla ya kuendelea, na udongo uliotolewa ukae angalau mita 1 kutoka ukingoni. Udongo wa mchanga mkavu hautoi onyo kabla ya kuporomoka.

Msichimbe kwa mapande bapa ya sentimita 10. Matabaka ya handaki yamelala kama bakuli, pande bapa litachanganya vigae (vipande vya vyungu) vya tabaka tatu kwenye mfuko mmoja. Chimbeni nusu ya mkato kwanza mpaka chini, someni uso wake, halafu nusu ya pili mbandue tabaka kwa tabaka, la juu likitangulia. Kila tabaka namba yake na mfuko wake.

Chini kabisa ndiko kwenye mtego. Udongo wa kwanza kuingia ni kingo zenyewe zilizoporomoka mvua za mwanzo, kwa hiyo unafanana na ardhi ya asili. Mahandaki mengi ya Kirumi yana umbo la V na kijifereji chembamba kwenye kitako, upana wa koleo. Anayesimama mapema hukikosa na kuchora kitako bapa ambacho hakijawahi kuwepo.

Chemchem_Tabora
Asante sana wakuu. Agosti ardhi ya huku ni kavu na rangi zote zinafanana. Tunafanyaje?

Mwanga_Kigoma
Kwangueni uso kwa mwiko wa mwashi, kutoka juu kwenda chini, kisha nyunyizeni maji kwa bomba la mgongoni. Liwe jipya, si lile la dawa ya tumbaku. Subirini dakika chache, mipaka itajitokeza. Choreni mistari kwa ncha ya mwiko kabla haijakauka. Mchoro uwe 1:20, kamba ya usawa ikipimwa kwa pimamaji, vipimo kila sentimita 20.

Angalieni mchwa pia. Njia zao huonekana kama mirija yenye udongo wa rangi nyingine, na hushusha vitu vidogo kutoka tabaka la juu. Kigae kilichokutwa ndani ya mrija huo kiandikwe peke yake, kisihesabiwe kwenye tabaka.

Malagarasi
Na mbaki kwenye mtaro wa shamba. Mahandaki ya maboma ya kale ya Unyamwezi msiyaguse bila kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahusika hapo.