Nataka dume la kuboresha ng'ombe wa nyama, ila naogopa mitamba kukwama wakizaa. Naombeni ushauri

Tumbaku_na_Zizi:
Wakuu habari za jioni. Niko Sikonge, Tabora. Nafuga ng'ombe wetu wa asili kwa ajili ya kuuza nyama, maziwa ni ya kunywa nyumbani tu. Koo wangu ni wadogo, kilo mia mbili na kitu. Kila nikipeleka maksai mnadani madalali wananishusha bei, eti hana nyama. Msimu huu nimepata hela ya tumbaku, nataka ninunue dume. Kuna jamaa anauza chotara wa Simmental, ile mbegu kubwa ya Ulaya, bonge la mnyama, mgongo kama meza. Mwingine ana Borani, ng'ombe wa nyama wa huku Afrika Mashariki, mdogo kidogo, na bei yake inavumilika.

Hofu yangu ni hii: jirani alipandisha mtamba wake kwa dume kubwa la namna hiyo. Siku ya kuzaa zikatoka kwato mbili, basi, usiku kucha ndama hakusogea. Asubuhi wakamchinja mama. Na mimi mitamba wangu wanakaribia kupandwa. Nichukue yupi, na dume wa ndama wanaozaliwa kirahisi anajulikanaje?

Ngwana_Igunga:
Mwangaluka mkuu. Chukua Borani ulale usingizi. Huku Igunga tunawapandisha kwenye koo wetu hawa hawa na mchungaji anakuta ndama ameshasimama ananyonya. Ndama wa asili anazaliwa na kilo 20 hivi, wa Borani kama 25 kupanda kidogo. Simmental halisi anafika 40 na kupita. Huo mzigo utapita wapi kwa mtamba?

Mzee_wa_Josho:
Ngwana_Igunga kasema sawa, niongezee. Watu wengi wakienda kununua dume wanakagua kichwa na mabega, wanasema akiwa mpana ndama watakwama. Umbo la dume aliyekomaa halikuambii mengi. Uliza yeye mwenyewe alizaliwa na uzito gani, mama yake alizaa peke yake au alivutwa, na ndama wake waliokwisha kuzaliwa walitokaje. Mwenye dume akibabaika hapo, nenda kwa mwingine. Ranchi za taifa za NARCO na vituo vya utafiti wa mifugo vya TALIRI wana desturi ya kuandika kumbukumbu, ndiyo maana dume la huko lina bei. Ukienda kwa uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija bila dume, mbegu za NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, Arusha, zinatoka kwa madume yanayojulikana. Mwambie mtaalamu mapema kwamba unapandisha mtamba, asikuletee mbegu yoyote iliyobaki kwenye mtungi.

Jambo jingine, koo wa asili ana namna ya kumzuia ndama asikue mno tumboni, kwa hiyo ukichanganya na damu kubwa ndama haji na uzito wote wa upande wa baba. Kwa koo aliyezaa mara mbili tatu unaweza kujaribu hilo chotara. Kwa mtamba, hapana.

Sasa nijibu wewe. Mitamba wako wana umri gani, kilo ngapi?

Tumbaku_na_Zizi:
Wengine miaka miwili, wengine wamezidi. Kupima sijapima mzee wangu. Wanachungwa na ng'ombe wa kijiji chote, madume ya watu yamo humo humo.

Mzee_wa_Josho:
Basi hujaanza kuchagua dume, madume ya kijiji yanakuchagulia. Mtamba wa kwetu anakua polepole, mara nyingi anapandwa mara tu anapoanza kuhitaji dume, nyonga bado changa. Hata ndama wa kilo 20 anakwama hapo. Subiri afikie theluthi mbili ya uzito wa koo mzima: kama mama zao wana kilo 240, basi 155 hadi 160 kwenda juu. Mpaka hapo watenge, wachungwe kivyao. Na mkae kikao na wenzako mhasi vidume visivyo na faida. Bwana mifugo wa kata akija na koleo lake la kuhasi, kazi ya asubuhi moja.

Mama_Ndorobo_Kaliua:
Nyote mnasahau ndorobo, hawa mbung'o wanaoleta nagana. Igunga ni mbuga wazi, Sikonge na huku Kaliua ni miombo. Dume la damu ya kizungu likiingia huku, ndorobo na kupe wanalimaliza kabla halijakulipa. Borani naye hana kinga ya ndorobo, msidanganyane, ila joto na malisho makavu anavumilia. Weka hela ya josho na dawa ya ndorobo kwenye bei ya dume toka mwanzo.

Dogo_Mnadani:
Dawa rahisi ya kukwama: miezi miwili ya mwisho mpunguzie chakula mwenye mimba, ndama atabaki mdogo. Babu yangu alifanya hivyo.

Mzee_wa_Josho:
Dogo, heshima kwa babu, lakini usimfundishe mwenzio hilo. Ndama anapungua kidogo sana, anayedhoofika ni mama. Anakosa nguvu za kusukuma, maziwa ya kwanza yanakuwa haba, halafu anachelewa kushika mimba nyingine. Asinenepe kupita kiasi pia, mafuta yanabana njia. Awe wa wastani.

Na wewe mwenye uzi, siku ikifika usilale. Chupa ya maji ikishapasuka, zitoke kwato mbili nyayo zikiangalia chini na pua juu yake, hiyo ni njia nzuri. Nyayo zikiangalia juu, pengine anakuja kinyumenyume. Ikipita saa moja mpaka mawili bila kusogea, mpigie simu bwana mifugo. Msivute wanaume sita kwa pupa: kamba juu ya kifundo, vuta mama anaposukuma, kuelekea chini.

Tumbaku_na_Zizi:
Nimewapata wote, asanteni sana. Nachukua Borani kwa ajili ya mitamba. Yule chotara nitaongea na mwenye naye anipandishie koo wakubwa watatu tu, kama ndorobo hawajamtangulia. Dume nikae naye muda gani?

Ngwana_Igunga:
Miaka mitatu hivi, halafu uza au badilishana na mtu wa mbali, maana mabinti zake watakuwa wanahitaji dume na baba yao yumo zizini. Koo 25 mpaka 30 anawamudu.

Tumbaku_na_Zizi:
Sawa. Na ile tepe ya kuzungusha kifuani kupimia kilo za ng'ombe inapatikana wapi?

Mama_Ndorobo_Kaliua:
Maduka ya dawa za mifugo. Angalia isiwe ya nguruwe. Nyingi zimetengenezwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kwa hiyo kilo zake kwa ng'ombe wetu chukulia kama makadirio. Mkanda unapita nyuma ya miguu ya mbele, asimame sawasawa, usikaze.