RAM nne pamoja zinaleta skrini ya bluu, kila moja ikipimwa peke yake ni nzima. Kibovu ni nini?

mkono_wa_kamera

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, maana bwana harusi anayesubiri video yake ananipigia simu kila asubuhi na sina jipya la kumwambia.

Mashine yangu ni ya mezani, niliiunga mwenyewe mwaka 2011. Prosesa ni i5-2500K, mazabodi ya P67 yenye sloti nne, kadi ya grafiki nimeshabadilisha, SSD niliongeza baadaye. Miaka yote hii imekwenda na 8GB za DDR3, yaani 4GB mbili zilizoandikwa 1600 (mwendo), 9-9-9-24 (mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu), 1.5V. Haijawahi kunisumbua. Sasa video za siku hizi ni nzito, nikanunua 4GB mbili za mtumba, hizi zimeandikwa PC3L-12800 na 11-11-11. Bayosi inasoma 16GB, Windows inasoma 16GB.

Tangu hapo ni vurugu tupu. Nikianza kurenda inakwenda vizuri halafu pah, skrini ya bluu. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, siku nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Wakati mwingine mashine inabaki imewaka ila programu ya kuhariri inajifunga bila hata kuaga. Zip kubwa nikilifungua naambiwa limeharibika, nikirudia lile lile linafunguka. Kupiga Windows upya nimejaribu, ikagoma katikati na 0x80070570. Cha ajabu kuna siku inatulia kabisa, nafanya kazi mpaka usiku bila tatizo.

Meno ya RAM nimeyasugua kwa raba, vumbi nimepuliza, joto la prosesa liko vizuri. Nimepima kila RAM peke yake kwa MemTest86+ (programu ya kupima RAM), zote zimepita. Nikiziweka nne pamoja, mistari myekundu ya makosa inamwagika. Mazabodi ndiyo imechoka?

Na hili sijui kama linahusika: umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi tarehe za zamani.

dogo_wa_magemu

Mkuu hiyo itakuwa Windows ya kuchakachua. Tafuta Windows safi, weka drayva mpya za grafiki, utanishukuru.

Babu_Soda

Dogo, MemTest86+ inawaka kutoka kwenye fleshi kabla Windows haijaamka. Ikionyesha wekundu, Windows haimo kwenye kesi hiyo. Mwenye mashine atapiga Windows mpaka mwakani na kila mara itagoma, kwa sababu mafaili ya kuisimika yanapita kwenye RAM hiyo hiyo.

Mpiga picha, kabla ya yote: acha kunakili kazi za wateja ukiwa na RAM zote nne. Watu wanadhani RAM mbovu kazi yake ni kuzima mashine tu. Kuzima ni afadhali, maana unaona. Kila faili unalohamisha kutoka kadi ya kamera kwenda diski linapita kwenye RAM njiani, na biti moja ikigeuka hapo, faili linaandikwa limeharibika na kompyuta inakwambia kazi imekamilika. Zip lako ni ushahidi. Kwenye diski lilikuwa zima, limepindia njiani. Toa hizo mbili za mtumba, baki na 8GB za zamani, kisha ndiyo unakili harusi ya huyo bwana kutoka kwenye kadi upya. Zile nakala ulizofanya wiki hizi usiziamini.

Pili, nina maswali mawili. Ulipopima moja moja, ulitumia sloti ile ile au ulizunguka zote nne? Na kwenye bayosi, XMP, yaani ule mpangilio unaoipa RAM mwendo mkubwa ulioandikwa ndani yake, umewasha?

bi_seva

Naomba kuongeza hapo kwenye sloti. Kwenye soketi za LGA1155, za prosesa kama yako, nimekuta zaidi ya mara moja pini iliyopinda kidogo sana, au hitisinki iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine, na dalili zake ni za RAM kabisa: chaneli nzima (njia ya sloti mbili kwenda kwenye prosesa) inapotea, au inasomeka lakini inatoa makosa. Ukiwa na RAM unayoiamini, ipitishe sloti moja baada ya nyingine. Sloti mbili za chaneli moja zikikosea na zile nyingine zikawa salama, legeza hitisinki uikaze kwa mshazari kabla hujalaumu mazabodi.

Halafu PC3L ni 1.35V, za zamani ni 1.5V. Si ndiyo tatizo lenyewe hilo?

Babu_Soda

Dada, la pini ni kweli tupu. La volti hapana: DDR3L, ndiyo hizo PC3L, imetengenezwa ivumilie 1.5V pia, kwa hiyo kwenye mazabodi ya P67 itakula 1.5V kama wenzake na hakuna kitakachoungua. Mimi ninazichanganya dukani kila siku.

mkono_wa_kamera

Babu shikamoo. Harusi nimeinakili upya nikiwa na zile mbili za zamani, nimeifungua mwanzo hadi mwisho, iko salama.

RAM moja nimeizungusha sloti zote nne, imepita kote. XMP naitumia tangu 2011, bila hiyo RAM zinasoma 1333 badala ya 1600. Ila kwa sababu ya ile saa, kila nikichomoa waya wa umeme kubadilisha RAM bayosi inasahau kila kitu. Nikipima moja moja sihangaiki nayo. Nikirudisha zote nne ndiyo naingia, naweka tarehe na kuwasha XMP tena.

Babu_Soda

Marahaba. Hapo umejijibu mwenyewe.

Betri ya bayosi imekufa. Ukichomoa waya, mipangilio yote inafutika na XMP inazimika. Kwa hiyo moja moja umezipima kwenye 1333, mwendo wa kawaida, na zote zikapita. Nne umezipima kwenye XMP. Hujapima kitu kimoja mara mbili, umepima vitu viwili tofauti. Na zile siku inazotulia, nina hakika ni siku umeme ulikatika na ukaona uvivu kuingia bayosi.

Sasa kwa nini XMP inaziua? Hiyo XMP inatoka kwenye jozi yako ya zamani, na inaamuru RAM zote nne zifanye 1600 kwa 9-9-9. Jozi ya mtumba inataka 11. Piga hesabu: kwenye 1600 mzunguko mmoja ni nanosekunde 1.25, kwa hiyo mizunguko 11 ni 13.75 na mizunguko 9 ni 11.25. Unaidai RAM ilete data kabla haijaitoa. Inajitahidi, mara nyingi inafanikiwa, ikichelewa kidogo tu wewe unaona bluu. Ndiyo maana kila siku jina la kosa ni jipya: inategemea nani alikuwa amekaa kwenye sehemu iliyokosea wakati ule, drayva, Windows yenyewe au video yako. Kosa likiwa moja kila siku namshuku drayva. Makosa yakiwa ya kila aina nashika bisibisi.

Ukishuka 1333 mzunguko unakuwa nanosekunde 1.5, na mara 9 inafika 13.5, karibu kabisa na zile 13.75. Hapo jozi ya mtumba inapumua. Na kumbuka i5-2500K kwa maandishi ya Intel wenyewe ni prosesa ya DDR3 hadi 1333. Ile 1600 ulikuwa unapewa kama nyongeza, na vipande viwili iliviweza. Vinne ni mzigo mwingine kwa kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa.

Nunua betri ya CR2032 kwanza, vinginevyo utapanga usiku na umeme ukikatika asubuhi mazabodi imesahau. Kisha zima XMP, hakikisha volti ya RAM ni 1.5, washa MemTest86+ ukalale. Ukitaka sana 1600, andika kwa mkono 11-11-11-28 na 2T (amri ipewe mizunguko miwili), upime tena usiku mzima. Kuna watu watakwambia upandishe RAM hadi 1.65V ili XMP ikae. Kwenye prosesa za kizazi hiki usifanye hivyo, Intel waliweka 1.5V na nafasi ya asilimia 5 tu.

Nje ya mada kidogo: P67 za mwanzo kabisa Intel walizirudisha 2011 kwa kasoro ya milango ya SATA (inapochomekwa diski), zilizorekebishwa zikaandikwa B3. Haihusiani na RAM, lakini kama yako haina B3, SSD ikae kwenye milango ya 6Gb/s. Hiyo haikuguswa.

dogo_wa_magemu

Babu lakini 1333 si itapunguza spidi?

Babu_Soda

Kwenye gemu utaona fremu chache zimepungua ukizitafuta. Kwenye kurenda, 8GB ikijaa Windows inaanza kuegemea diski, na hapo 1600 haikusaidii chochote. 16GB za 1333 zinamfaa zaidi huyu.

mkono_wa_kamera

Betri nimeweka, XMP nimezima. CPU-Z (programu ya kuonyesha mwendo wa prosesa na RAM) inaonyesha 666, nikashtuka, kumbe DDR inahesabiwa mara mbili. MemTest imekesha bila mstari mwekundu hata mmoja. Nimerenda harusi nzima leo mchana, mashine haijakohoa. Ile 11-11-11 nitajaribu kazi zikipungua.

La mwisho Babu: kuna mtu ananiuzia 8GB mbili mpya kwa bei ya kutupa, anasema ni za DDR3 za kawaida. Nitoe hizi nne nikae na hizo?

Babu_Soda

Angalia stika kama imeandikwa AMD. Zimejaa sokoni: zimeundwa kwa chipu za biti 4, mazabodi za AMD za zamani zinazikubali, lakini prosesa za Intel za mezani kama yako haziziwezi. Mashine haitawaka kabisa, au itasoma nusu. Wengine wanabandua stika, kwa hiyo bei ikikushangaza nenda na mashine yako, ziwekwe mbele yako, MemTest izunguke angalau raundi moja kabla hujatoa hela. Akikataa, mwachie mzigo wake.

Na usinunue zile za seva zilizoandikwa R mwishoni, mfano PC3-12800R. Hizo nazo hazitawaka kwako.