VX 80 imeinuliwa inchi 3, ikikanyaga rasta spidi 70 usukani unapiga kushoto kulia hausimami

Korongo_Arusha:
Wakuu habari za jioni. Nina Land Cruiser 80 ya 1994 injini 1HD-T, nimeiinua inchi 3 mbele na nyuma, springi na shokapu mpya, matairi 285/75 rimu 16. Porini inapita vizuri sana, shida ni lami. Njia ya Makuyuni nikiwa 70 mpaka 80 nikikanyaga rasta (yale matuta madogo ya mfululizo barabarani) au kishimo cha upande mmoja tu, usukani unaanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu, dashibodi yote inacheza, na hautulii mpaka nishuke karibu 40. Barabara ikiwa nyoofu na laini hakuna kitu kabisa. Nimebalansi matairi, alaimenti wameniambia iko sawa, fundi aliyeinua anasema ninunue steringi dampa (shokapu ya usukani) kubwa mambo yataisha. Humu ndani napakia watoto wakuu, sitaki kubahatisha. Nianzie wapi?

FundiChesi:
Pole mkuu. La kwanza kabla ya spana yoyote, ikikuanza tena usikanyage breki kwa kushtuka wala usipambane na usukani, ushike imara, achia mafuta, iache ipungue yenyewe halafu toka pembeni. Na mpaka ujue chanzo usiipeleke njia kuu na familia.

Sasa ulivyoeleza umenisaidia sana. Balansi mbovu inatetemesha kila ukifika spidi fulani hata lami ikiwa kama kioo, haisubiri kishimo. Yako inaamshwa na kishimo halafu inajiendesha yenyewe, hiyo ni kasta imepungua pamoja na kitu kimelegea mahali. Kasta ni ule mlalo wa kingpini (mhimili ambao tairi linageukia ukikata kona) kurudi nyuma, kama uma wa baiskeli, ndio unaofanya tairi lirudi lenyewe kunyooka. 80 ina ekseli nzima mbele imeshikwa na ile mikono miwili inayokuja kwenye chesi, ukiinua springi mikono inalala chini na ekseli nzima inazunguka kwenda mbele, kila inchi inakula karibu digrii 1. Kiwandani inatoka na kama digrii 3 hivi. Piga hesabu mwenyewe inchi 3 imekubakishia nini.

Na hao wa alaimenti wanaposema iko sawa wengi wamepima tu kama matairi yanatazamana sawa, kasta hawaigusi kwa sababu kwenye ekseli nzima haina pa kurekebishia. Rudi uombe karatasi yenye namba ya kasta kushoto na kulia.

Bonge4x4:
Mi niliweka dampa ya gesi kwenye yangu na ikatulia kabisa mwaka wa pili huu. Sio kila kitu kifunguliwe, gharama jamani.

FundiChesi:
@Bonge4x4 kaka sikatai imetulia, ila dampa inameza mtikisiko tu, kilicholegea bado kimelegea na kinaendelea kulika, siku dampa ikichoka utakutana nacho kikubwa zaidi. Kwenye gari linalobeba watu mimi siwezi kumshauri mtu aanze na dampa, hata iwe bei rahisi. Iwe ya mwisho, baada ya kila kitu kukaza.

@Korongo ukitaka kujua kilicholegea huhitaji mashine. Gari likae chini kwa matairi yake, injini inawaka, mtu mmoja acheze usukani kidogo kidogo kushoto kulia bila kusimama, wewe ingia chini na kiganja chako shika kila maungio, tairodi zote na draglinki (fimbo zinazopeleka usukani kwenye matairi), steringi boksi pale inapofungwa kwenye chesi, na zaidi ya vyote ile panadi rodi iliyokingama kutoka chesi kwenda ekseli. Bushi zake (raba za kwenye maungio) zikiwa zimekufa utaona rodi inahama kwenye bolti kabla ekseli haijasogea. Hiyo ndio inawaumbua wengi, na hata tundu la bolti likiwa limepanuka inatosha kuleta balaa.

Halafu piga jeki, shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Likicheza mwambie mwenzio akanyage breki ujaribu tena. Mchezo ukipotea ni beringi za hab, ukibaki ni beringi za kingpini.

Nanyuki_Jimny:
Boss hiyo shida naijua, sisi wa Jimny tunaishi nayo, ekseli yake ya mbele iko mtindo huo huo wa mikono na panadi. Yangu ilikuwa beringi za kingpini, nilikuwa navuka mito sana na sili za nakoni (kile kifundo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi) zilikuwa zimeisha, maji yakaingia zikashika kutu. Makanika alizitoa zikawa na alama za kukwaruzwa pale roli zinakaa. Kama unapita maji mengi na ukiangalia kwenye ile tufe ya chuma ya nakoni unaona grisi nyembamba imechanganyika na maji, fungua tu usingoje. Na usikubali akazie kwa kutoa shimu (vile vipande vyembamba vya chuma vya kupanga nafasi) bila kubadilisha beringi, itatulia wiki chache alafu irudi.

MamaLandcruiser:
Naongeza moja kwa wanaonunua bushi za kurekebisha kasta, zile zenye tundu lisilo katikati. Upande zinavyowekwa ni muhimu mno, ukizigeuza zinakula kasta badala ya kurudisha na gari linakuwa hatari kuliko mwanzo. Angalia alama kabla hazijapigwa presi. Bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi, ukizikaza ekseli inaning'inia raba inajikunja na kuchanika mapema. Tena kwa inchi 3 bushi peke yake mara nyingi hazifikishi, pleti au braketi za kushusha mikono zinafanya kazi vizuri zaidi.

Korongo_Arusha:
Wakuu mrejesho. Karatasi imetoka kasta digrii 0.4 kushoto na 0.2 kulia!! Panadi rodi bushi ya upande wa chesi unaingiza bisibisi, na tairi la kulia lilicheza hata breki ikiwa imekanyagwa. Nimebadilisha bushi za panadi, beringi za kingpini pande zote na sili zake, nimeweka pleti, sasa kasta ni 3.1 na 2.9. Nimepita rasta zile zile na 80 usukani umetulia na unarudi wenyewe baada ya kona, dampa ni ile ile ya zamani. FundiChesi Mungu akubariki. Swali dogo, nasikia mngurumo mpya sakafuni nikiachia mafuta kwenye 60, sio usukani.

FundiChesi:
Safi sana mkuu nimefurahi. Huo mngurumo ni propela shafti ya mbele, ukirudisha kasta pua ya difu inainama na kona ya shafti inakuwa kali, na kama yako ni fultaimu (4x4 isiyozimwa) inazunguka muda wote. Cheki krosi zake (maungio ya shafti) na zipigwe grisi, ukiweza ifungue loki ya difu ya katikati, toa shafti ya mbele uendeshe kidogo uone kama mngurumo unapotea. Ukipotea tafuta shafti yenye maungio mawili upande wa giaboksi ndogo.

Korongo_Arusha:
Loki ya katikati ifungwe au ifunguliwe nikiwa nimetoa shafti?

FundiChesi:
Ifungwe mkuu, nimeandika haraka hapo juu. Bila kuifunga gari halitaondoka.